Vya Kwetu, Mama

Nilikutana na uso wangu kwenye rafu ya supamaketi, katikati ya tangawizi na limau, unacheka. Mimi mwenyewe siku hiyo sikuwa na la kunichekesha. Nilikuwa nimetoka duka la pembejeo na mche wa kitunguu saumu uliopauka majani, nimeufunga kwenye gazeti, na muuzaji alikuwa ameutazama kwa mbali kama mtu anayeogopa kuambukizwa, kisha akaniambia shamba lina njaa ya mbolea. Kwa muuza mbolea kila ugonjwa dawa yake ni mbolea. Nikaingia supamaketi ninunue sabuni ya kufulia nirudi zangu nyumbani, na ndipo nikajiona.

Ni mimi, wala sikuota. Kilemba changu cha njano, pengo langu la pembeni, mikono yangu imekumbatia fungu la vitunguu saumu. Picha ile nilipigwa shambani mwaka kikundi chetu cha wakulima kilipopewa nembo ya ubora. Mpiga picha aliniambia, "Mama, cheka basi, wateja wanapenda mkulima mwenye furaha." Nikamjibu kwamba mkulima mwenye furaha akamtafute redioni. Watu wakaangua kicheko, nami nikacheka, naye akabonyeza hapo hapo. Tangu siku hiyo uso wangu ukawa unabandikwa kwenye kila pakiti ya vitunguu vyetu, chini yake nembo ya kijani na maneno makubwa: Kimekaguliwa. Kimelimwa hapa kwetu.

Sasa nisikilize vizuri. Vitunguu saumu sisi tunavuna mara moja kwa mwaka. Tunavikausha, tunaviuza, vinakwisha, tunasubiri vingine. Siku ile niliyosimama pale na sabuni mkononi, vyetu vyote vilikuwa ardhini, majani yanafika gotini, havijafunga hata kichwa. Vya kuuza vya msimu uliopita vilishaliwa zamani na waliovila nao hawakumbuki. Basi hivi vilivyojilaza nyuma ya meno yangu vimetoka wapi? Nimevizaa mimi?

Nikaichana pakiti. Ndani mlikuwa na vichwa vikubwa, vyeupe pe, chini vimenyolewa mizizi mpaka pamebaki kipara. Vyetu vina ganda la zambarau na videvu vya mizizi ambavyo hatunyoi. Tena vyetu vya kuuza ni vya wastani. Kwetu kichwa kikubwa hakiuzwi hata mtu alie machozi. Kichwa kikubwa ni mbegu. Ndivyo alivyotukuta mama mkwe, au niseme ndivyo tulivyomkuta sisi, na hakuna aliyewahi kubishana naye juu ya hilo.

"Mama, bidhaa haifunguliwi kabla ya kulipiwa," msimamizi wa duka akaniambia.

"Nilipie nini? Sura yangu?"

Akanitazama, akaitazama pakiti, akanitazama tena. Msichana wa kaunta naye akanyanyuka kwenye kiti chake. "Jamani, ni yeye kweli! Mama, tupige picha?" Watu wakaanza kusogea. Mteja mmoja, mama wa makamo mwenye miwani, akanishika mkono kwa furaha kabisa. "Mimi navinunua hivi kwa sababu yako," akasema. "Ni ghali kidogo, lakini najiambia, huyu mama uso wake unaaminika."

Afadhali angenitukana. Tusi ningelijibu pale pale tukamalizana. Nikamwomba anisomee yale maandishi ya nyuma ya pakiti, madogo utadhani yameandikwa na sisimizi, kwa kuwa yeye ana miwani. Akaisogeza machoni, akaiinamisha kwenye taa, akasoma polepole: "Zao la nchi mbalimbali. Kimefungashwa hapa." Kisha akairudisha rafuni ile aliyokuwa ameshaiweka kwenye kikapu chake, na hakunitazama tena usoni.

Nililipa. Ndiyo, nililipia uso wangu mwenyewe, nikatoka.

Njia nzima nilikuwa nachemka. Unajua ile nembo ilitutoa jasho namna gani? Mkaguzi alipokuja mara ya kwanza aliuliza choo kiko wapi, na kutoka chooni hadi kwenye maji ya kunawa ni umbali gani, na sabuni iko wapi, na kwa nini sabuni ni kipande. Dawa za kupulizia tukazijengea kibanda chenye kufuli. Mbwa wetu akapigwa marufuku kukanyaga sehemu ya kukaushia, maskini, akawa anatulilia kwa mbali. Niliulizwa kuku wangu wanapita wapi wakienda kulala! Nami nikajibu yote, nikafanya yote, mimi ambaye watu wameniita Kibiriti tangu usichana kwa sababu sikawii kuwaka, nilitulia kama maji ya mtungini, kwa sababu niliamini. Nilisema, haya, atakayekula chakula chetu ajue kimetoka kwa nani. Kumbe sisi tunahesabiwa hatua za kuku, na magunia ya watu wengine yanapita mlangoni bila hata kuulizwa hujambo.

Na mlango wenyewe nilijua ni wa nani. Ghala la kikundi analisimamia shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, kitinda mimba wa mama mkwe. Sote tunamwita Meneja, na jina hilo alianza kuliitikia kabla hajapewa kazi. Nilimkuta ofisini kwake kwenye kona ya ghala, feni inampuliza, funguo zinaning'inia kiunoni.

"Shemeji! Karibu, karibu kiti."

"Sikuja kukaa." Nikaitupa pakiti mezani.

Akaiangalia wala hakupepesa jicho. "Umenunua? Si ungeniambia tu nikupe bure."

"Vitunguu vya nani hivi?"

"Shemeji, punguza moto. Kaa tuongee." Akasogeza kiti ambacho sikukikalia. "Supamaketi hawajui mambo ya msimu. Rafu ikikaa tupu, wanampa mwingine. Sasa sisi tukivuna tutauzia wapi? Mimi nimewashikia nafasi tu. Ni kama mtu anakuwekea foleni, wewe ukija unaingia."

"Unanishikia nafasi kwa kunivua uso?"

"Stika zilikuwa zimebaki nyingi."

"Stika zilikuwa zimebaki!" Nilisikia sauti yangu inagonga mabati ya paa. "Kwa hiyo zikibaki na za dawa ya kikohozi utabandika kwenye mafuta ya taa?"

Akatabasamu, lile tabasamu lake la kumpaka mtu mafuta. "Nyuma pameandikwa kila kitu, shemeji. Nchi mbalimbali. Sijamdanganya mtu."

"Basi geuza. Nchi mbalimbali weka mbele, herufi kubwa, na uso wangu uweke huko nyuma uwe kama sisimizi. Tuone utamuuzia nani."

"Sasa ukifanya hivyo nani atanunua?"

"Umesikia ulichosema?"

Nyuma yake magunia yalikuwa yamepangwa hadi karibu na dari, meupe, yenye maandishi ambayo sikuweza kuyasoma. Yeye akainuka, akafunga mlango taratibu, akashusha sauti. Mkaguzi anakuja wiki hii, akaniambia. Nikibwabwaja, nembo haiondoki kwake peke yake, inaondoka kwa kikundi kizima, na mimi nikiwemo. "Fikiria watoto wako, shemeji. Mimi nawatafutieni, halafu wewe unakuja kunipigia kelele." Nikaichukua pakiti yangu, nikatoka.

Nyumbani nilimkuta mume wangu bondeni, kwenye lile shamba letu zuri la karibu na kijito, amepiga magoti kwenye tuta. Mume wangu ni mtu mwema. Kwa kila jambo jibu lake ni pole, hata kuku akikanyaga maji ya kunywa atamwambia pole, na ndilo jina wanalomwitia vijana: Mzee Pole. Siku ile hakusema pole. Alinyoosha mkono akashika mche wenye majani ya njano, akauvuta kwa vidole viwili tu, na ukatoka bila ubishi, kama umechomekwa kwenye uji.

Chini, pale mizizi ilipotakiwa kuwa, palikuwa na ukungu mweupe mfano wa pamba iliyolowa, na ndani ya ukungu vijipunje vyeusi, vidogo kama pilipili manga iliyosagwa. Akavuta mwingine, ni hivyo hivyo. Wiki iliyopita ilikuwa pembe moja tu ya shamba, sasa ilikuwa imeshafika katikati.

"Hii siyo njaa ya mbolea," akasema.

Sijui ni nini kilichonisukuma. Nikatoa kichwa kimoja kwenye pakiti, nikakibandua maganda ya chini, pale kwenye kipara. Cha kwanza kilikuwa safi. Cha pili safi. Cha tatu, kwenye mkunjo wa ganda la ndani kabisa, vilikuwa vimejipanga vijipunje vyeusi vile vile. Mume wangu alivishika kwa ukucha, akaviweka kiganjani kando ya vile vya shambani. Usingeweza kuvitofautisha.

"Vimefikaje huku?" akauliza. Lakini alikuwa ameshageuka kutazama nyumbani, na mimi pia, kwa sababu barazani mama yake alikuwa ameketi akimenya maharage, na mbegu ya nyumba ile haipiti mkononi mwa mtu mwingine.

Hapa lazima nieleze utaratibu wetu, maana bila huo hutaelewa. Kwetu mbegu ya vitunguu saumu inachaguliwa na mwanamke mmoja tu, mkubwa wa nyumba. Tukishavuna, kabla hakijauzwa hata kimoja, anapita kwenye mafungu anatoa vichwa vikubwa, anavitundika kwake. Wakati wa kupanda ukifika, yeye mwenyewe anavipasua na kuvichambua punje moja moja, na sisi wengine tunaletewa punje kwenye beseni, tunapanda. Hakuna anayegusa kichwa cha mbegu isipokuwa yeye. Sasa mavuno yaliyopita mama alikuwa kwa binti yake, anafanyiwa upasuaji wa macho. Tukavuna bila yeye, tukapeleka vyote vizuri ghalani, na mume wangu akamsisitizia mdogo wake: vikubwa tenga, vya mama hivyo. Akaitikia ndiyo, kaka.

Tukapanda hadi barazani. Mama alinisikia hatua zangu kabla hajaniona vizuri.

"Wewe Kibiriti, leo nani kakuwasha? Unakanyaga ardhi kana kwamba inadaiwa."

"Hakuna, mama. Nilitaka kukuuliza tu. Mbegu za mwaka huu ulizichukulia wapi?"

"Wapi tena? Ghalani kwa Meneja." Akaendelea kumenya, uso umemnyooka kwa raha. "Nilirudi kutoka hospitali nikasema, mwaka huu sina mbegu, hawa watoto watakuwa wameuza zote. Naingia, nakuta magunia yamewekwa pembeni, vichwa vikubwa hivi! Nikasema, leo mwanangu amekuwa mtu. Hajawahi kunitengea mbegu hata siku moja, leo kanitengea magunia."

"Vilikuwa na mizizi?" mume wangu akauliza.

"Alikuwa amevinyoa. Yeye na usafi wake wa wakaguzi. Nikamwuliza, mwanangu, mbona vimenona hivi, hivi ni vya kwetu? Akasema, vya kwetu, mama. Nikakaa pale pale nikaanza kupasua."

Yaani Meneja alikuwa amesimama! Alikuwa amesimama juu ya kichwa cha mama yake, anamwangalia akichambua kwa vidole vyake mbegu ya kwenda kuzika kwenye shamba letu, na akasema vya kwetu. Mbegu zetu za kweli, vile vichwa vikubwa, bila shaka alikuwa ameshaziuza mwanzoni mwa msimu kwa sababu zinapendeza kwenye pakiti. Kwa hiyo angesema nini? Mama, hivi vimekuja na lori? Mama, vyako nimeviuza? Alichagua kunyamaza. Na mama naye, kwa mazoea yake yote ya maisha, kichwa kikubwa kikiwekwa pembeni kingekuwa nini kwake kama siyo mbegu?

Mume wangu alinivuta nyuma ya nyumba. Alikuwa analia, mtu mzima yule.

"Mama asijue," akasema. "Nakuomba, mama watoto. Shamba lile walilifyeka yeye na baba, wakiwa hawana hata jembe la pili, wanapokezana. Akijua ni mkono wake ulioliua, hatuna mama tena."

"Siyo mkono wake! Ni mkono wa mdogo wako!"

"Ataona ni wake. Unamjua."

Namjua. Nilijiuma midomo nikakubali. Sikukubali kwa ajili ya Meneja, Mungu ni shahidi, nilikubali kwa ajili ya yule bibi aliyekuwa barazani anaimbia maharage. Nikamwambia mume wangu: sitasema. Pakiti nikaisokomeza jikoni nyuma ya debe la unga.

Mkaguzi alikuja asubuhi moja ya wiki ile ile. Ni mwanamke mrefu, wa maneno machache, na kabla ya kuingia shamba la mtu huosha buti zake mwenyewe kwa dawa anayokuja nayo. Meneja alikuwa naye, amechomekea shati, ananukia mpaka nyuki walimfuata. Mama naye alikataa kubaki nyumbani. Alivaa gauni lake jipya, akachukua fimbo, akasema shamba likikaguliwa bila yeye ni kama harusi bila bibi harusi, tukateremka wote.

Mkaguzi hakuhitaji kuonyeshwa. Njano ilikuwa imeshavuka katikati ya shamba. Akachuchumaa, akavuta mche, akautazama, akavuta mwingine mbali kidogo. Aliposimama, uso wake ulikuwa wa mtu anayetoka wodini kuja kuzungumza na ndugu.

"Huu ni uozo mweupe," akasema. "Hivi vijipunje vikishaingia kwenye udongo havitoki. Hakuna dawa. Hapa hamtapanda tena kitunguu, cha saumu wala cha maji, kwa miaka mingi sana." Akamtazama mama, akashusha macho. "Huenda wajukuu wataweza." Kisha akauliza, "Mbegu mlinunua wapi?"

Kijito kilisikika.

"Tununue mbegu?" mama akasema. "Mimi tangu niletwe hapa nikiwa bibi harusi sijapanda mbegu ya dukani. Ni zetu. Nilizichagua mimi."

"Mama yangu, ugonjwa huu hautokei hewani. Umekuja na mbegu."

Mama akainua mikono yake akaitazama, ile mikono yenye kucha zilizoingia udongo usiotoka hata kwa sabuni. Akaigeuza. "Basi ni macho yangu," akasema polepole. "Nilichagua vibovu. Ni mimi."

Nilikuwa nimeahidi. Nilisimama pale nimeuma meno, mume wangu kanishika mkono juu ya kiwiko, ananibana. Ningevumilia. Naapa ningevumilia, ningekwenda kulia kwenye mahindi halafu ningevumilia. Lakini Meneja akatikisa kichwa kwa huzuni, akamsogelea mkaguzi, akasema kwa sauti ya mtu anayefichua siri ya familia kwa shida:

"Macho ya mama siku hizi, mkaguzi. Tumemwambia apumzike hasikii. Ndiyo uzee."

Ebo!

"Rudia," nikamwambia.

"Shemeji, siyo mahali pake..."

"Rudia hapo hapo, mbele yake, mdudu wewe! Mama yako anajibebesha jeneza lako na wewe unamsaidia kumtwisha!"

Mkono ulionibana ukaachia. Nilidhani mume wangu ananiacha kwa aibu. Nikageuka, na nikamwona anamtazama mdogo wake, na sijawahi kuuona uso ule kwa miaka yote tuliyolala kitanda kimoja. "Kailete," akaniambia.

Nilipanda mlima ule mbio, nikarudi mbio, kilemba kimenianguka njiani. Nikampa mkaguzi pakiti. Nikamwambia huyu ni mimi, na hivi si vyangu, na hapa nyuma soma mwenyewe, na sasa bandua ganda. Nikasema yote: magunia, stika zilizobaki, mbegu zilizouzwa. Nilisema kwa kelele mpaka watu wa shamba la ng'ambo wakasimamisha majembe. Mkaguzi alibandua ganda, akatoa lenzi mfukoni, akatazama kwa muda. Halafu akamwomba Meneja funguo za ghala. Meneja akazitoa kiunoni, akampa.

Mama hakuwa akitutazama sisi. Alikuwa amemgeukia mwanawe.

"Nilikuuliza," akasema.

"Mama..."

"Nilikuuliza. Nilisema, hivi ni vya kwetu? Nilikuuliza kwa sababu sikuona vizuri. Si nilikuuliza?"

"Nilidhani havitaota," Meneja akasema. Alikuwa analia sasa, kamasi na yote. "Vilikaa sana kwenye baridi. Nilidhani havitaota, tungesema ni mvua, mwakani tungeanza upya."

Mama akatikisa kichwa kama mtu aliyejibiwa sawasawa. Njia ya kupanda kutoka bondeni ina mwinuko, na Meneja akanyoosha mkono amshike kama anavyomshika siku zote. Mama akaurudisha mkono ule mahali pake, bila nguvu, kama unavyorudisha kitu dukani. "Nitashikwa na huyu," akasema, akanipa mimi bega lake.

Yaliyofuata yalikuwa ya haraka. Nembo wakaiondoa, kwa kikundi kizima, kama Meneja alivyosema. Ghala likapigwa kufuli na Meneja akahama, tunasikia yuko mjini. Bonde letu limezungushiwa utepe mwekundu na hairuhusiwi kutoka hapo hata udongo wa kwenye kiatu. Supamaketi nao wakatoa tangazo kwamba wameumizwa sana, walidanganywa, maskini wa Mungu, wao ambao kazi yao ni kupokea vitunguu saumu vya shambani kwetu wakati vyetu bado viko ardhini na kila mtu anaviona. Na wenzangu kwenye kikundi, usidhani walinishukuru. "Ungesubiri tuvune kwanza," mmoja aliniambia mbele ya mkutano. Nikamjibu kwamba na yeye aende akapigwe picha, akacheke, halafu aje tuongee. Wengine walininunia, wengine mpaka leo hatusalimiani. Wanasema nembo ilikuwa mkate wetu. Ilikuwa, ndiyo, na mimi ndiye niliyekuwa nimechapwa juu ya mkate huo.

Ilipobaki kidogo msimu wa kupanda uanze, mama akaniita. Akasema juu kule kwenye kisima kuna kipande ambacho hakijawahi kupandwa kitunguu tangu aijue dunia, na anataka mbegu.

"Mbegu hakuna, mama," nikamwambia. "Zote zilikwenda."

"Jikoni kwako hujatundika kitu?"

Nilikuwa nimetundika. Fungu la vile vya kupikia, vya mavuno yale tuliyovuna bila yeye, vidogo, vya pembeni, vilivyopasuka wakati wa kung'oa, ambavyo havikufaa kwenda ghalani. Hilo ndilo lililobaki la kizazi kizima cha vitunguu vya nyumba ile, na lilikuwa linapungua kila nilipopika. Nikalitungua, nikamletea barazani pamoja na beseni.

Mama huyu, nikwambie, alikuwa akichambua mbegu kwa kasi ambayo huwezi kuifuata kwa macho, huku anasengenya, huku anacheka, hatazami hata mikono. Siku hiyo alishika kichwa cha kwanza, akakigeuza, akapapasa mizizi, akaninyooshea.

"Hiki ni cha kwetu?"

"Cha kwetu, mama. Nilikivuna mimi, nikakifunga mimi. Hakijawahi kutoka jikoni."

Akakiweka kwenye beseni. Akachukua cha pili. "Na hiki?"

"Cha kwetu, mama."

"Na hiki?"

Mimi si mtu wa subira, umeshanijua. Lakini nilikaa kwenye sakafu ya baraza ile nikajibu kimoja baada ya kingine, vidogo vile visivyojaza kiganja, na kila nilipojibu nilimwona anataka kuniamini na hawezi. Hapo ndipo hasira yangu kwa yule mtoto wake ilipozidi hata ile ya bondeni. Alipofika cha mwisho alikaa nacho mkononi muda mrefu.

"Na hiki?"

"Cha kwetu, mama."

Hakukiweka kwenye beseni. "Niapie," akasema.

Nikamwapia.